Bega la Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alivukisha vinyoya vya mama yake vya kuchezea badminton. Alibandika birika jikoni, akangoja mvuke utoke, kisha akaushika mkebe mrefu wa vinyoya juu ya mvuke huo huku akihesabu hadi tano. Manyoya yakipata unyevu kidogo hayavunjiki upesi yanapopigwa na raketi. Mama yake ndiye aliyemfundisha kazi hiyo, naye Chiriku aliifanya huku akipiga domo na yeyote aliyekuwa karibu. Asipokuwapo mtu, alizungumza na birika. Ndiyo maana alibandikwa jina la Chiriku, ndege asiyejua kunyamaza.

Mama yake hakucheza vinyoya kwa kujifurahisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akicheza mchezo wa wawili wawili na mwenzake yule yule, mwanamke mfupi mwenye miguu myepesi ambaye Chiriku alimwita Mama Mdogo, ingawa yeye na Mama hawakuzaliwa tumbo moja. Mama, aliyekuwa mrefu, alisimama nyuma ya uwanja na kushusha makombora, mapigo makali kutoka juu. Mama Mdogo alisimama mbele, karibu na wavu, akimalizia kilichorudi kikiwa dhaifu.

"Mama yako anapika," Mama Mdogo alizoea kusema, "mimi kazi yangu kupakua tu."

Asubuhi ya Jumatano, Mama aliingia jikoni kuchukua kikombe kwenye rafu. Mkono wake wa kulia ulipanda hadi kifuani, ukakwama hapo. Akauma mdomo, akakichukua kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Mama, mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya."

"Jana uliulalia vibaya. Juzi pia. Hicho kitanda kina ugomvi na wewe?"

Mama hakucheka. Aliufunga mlango wa jikoni, akavuta kiti, akakaa.

"Sikiliza. Bega limechanika kwa ndani. Daktari anataka nipumzike miezi sita, na Jumamosi ndiyo mechi ya kufuzu mashindano ya dunia. Nina miaka thelathini na minne, mwanangu. Pale benchi amekaa binti wa miaka kumi na tisa anayeningoja nijikwae. Kocha akilisikia neno bega, kesho yake binti huyo yuko mahali pangu, na mimi ndiyo basi tena."

"Mama Mdogo anajua?"

"Hajui, na asijue. Yeye kuliko wote. Akijua ataanza kunionea huruma uwanjani, na huruma haishindi mechi. Hii ni siri yako na yangu. Umenielewa?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijiona amekua. Hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi siri kubwa namna hiyo.

Siku ya pili yake, baada ya shule, alipita ukumbi wa mazoezi kama kawaida. Mama alikuwa bado chumba cha kubadilishia nguo. Mama Mdogo alikuwa amekaa sakafuni, akizungushia utepe mpya kwenye mpini wa raketi yake.

"Wewe, redio yangu! Leo betri zimekwisha? Umepita hapa kimya kama paka wa jirani."

"Nipo, Mama Mdogo."

"Hebu kaa. Nikuulize kitu, na unijibu kweli." Aliweka raketi chini. "Makombora ya mama yako wiki hii yanashuka kama manyunyu. Nikimuuliza, ananiambia anaziweka nguvu akiba. Wewe ndiye unayeishi naye. Bega lake ni zima?"

Chiriku angeweza kusema hajui, na pengine lingeishia hapo. Lakini alitaka kuilinda siri vizuri, kama mtu mzima, akaona uongo mtupu hautatosha.

"Zima kabisa," alisema. "Jana tu aliinua ndoo iliyojaa maji akaiweka juu ya pipa."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Mmoja tu. Akacheka mimi nilivyoshangaa."

Mama Mdogo alishusha pumzi, uso ukamkunjuka. "Kumbe macho yangu ndiyo yanayozeeka! Nilikuwa naenda kumwambia kocha tubadilishane nafasi, yeye aje wavuni, mimi nirudi nyuma. Basi, ya nini tena? Mpishi abaki jikoni."

Alimpiga Chiriku kikofi cha utani begani, akaendelea kuzungusha utepe wake.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mama alikuwa amechomwa sindano ya kutuliza maumivu kwa siri, na katika seti ya kwanza ilimsaidia. Walishinda. Seti ya pili sindano ilianza kuisha nguvu, wakashindwa. Ilipofika ya tatu, wapinzani walikuwa wameshanusa udhaifu wa bega lile. Kila kinyoya walikipeleka juu, nyuma kabisa, kwa Mama. Kila Mama alipopiga, kilirudi kikielea katikati ya uwanja, nao wakakilaza chini.

"Mama, sema basi," Chiriku alinong'ona akiwa jukwaani. "Mwambie."

Mama hakusema. Mama Mdogo alipoona mambo yanaharibika, alianza kufanya kazi ya watu wawili. Alikata wavuni, akageuka, akakimbia nyuma, akarudi tena mbele. Zikiwa zimebaki pointi tatu, kinyoya kilipaa juu ya kichwa cha Mama, na mkono wa Mama ukakataa kuinuka. Mama Mdogo akajisukuma kinyumenyume kukifuata.

Kilisikika kishindo kikavu, kama ubao uliovunjwa gotini. Mama Mdogo alianguka, akageuka haraka kutazama nyuma yake.

"Nani kanipiga teke?" aliuliza kwa hasira.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mama alikuwa amesimama hatua nne mbali, mkono ukining'inia. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika.

Hospitalini walimshona, wakamfunga plasta hadi gotini. Daktari alisema atatembea, pengine hata atakimbia kidogo, ila kucheza kwa ushindani ndiyo mwisho. Nyumbani, Mama alirudia neno moja siku tatu mfululizo.

"Ajali haina kinga."

"Mama, tumwambie."

"Kumwambia kutaunga mshipa? Kula chakula chako."

Chiriku aliiacha sahani ikiwa imejaa. Jumanne, baada ya shule, hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo. Alimkuta amekaa kwenye kochi, mguu umewekwa juu ya mito miwili, daftari la mazoezi limefunguliwa mapajani.

"Karibu, mwanangu. Natafuta nilipokosea," alisema. "Sijui sikupasha mwili vya kutosha? Sijui viatu? Usiku kucha najiuliza. Kisigino hakikatiki hivi hivi tu, lazima kuna nilichofanya."

Chiriku aliutazama ukurasa ule uliojaa mistari iliyokatwakatwa. Hapo hakuweza tena kuificha siri.

"Hukukosea, Mama Mdogo. Bega la Mama lilikuwa limechanika. Nilijua. Ile ndoo hakuiinua. Hapakuwa na ndoo."

Mama Mdogo alilifunga daftari, akavuta vikombe viwili vilivyokuwa mezani. Kimoja alikiweka mbele, kimoja nyuma.

"Huyu mimi. Huyu mama yako. Ndivyo tulivyosimama." Akavibadilisha. "Na hivi ndivyo ambavyo tungesimama ungeniambia. Vile vya juu ningevipiga mimi, nikiwa nimevitazama, sio kuvikimbilia kinyumenyume. Labda tungefungwa. Lakini ningefungwa nikiwa na miguu miwili." Akaviacha vikombe, akamkazia macho. "Nilikuuliza, Chiriku. Nilikuuliza mpaka mkono gani."

Chiriku alilia. Mama Mdogo hakumbembeleza. Alichukua simu akampigia Mama, akasema maneno mawili tu: "Njoo. Sasa."

Mama alipofika na kumwona bintiye analia, alijua. Aliketi sakafuni karibu na ule mguu wa plasta, akasimulia kila kitu: daktari, sindano, mlango wa jikoni uliofungwa. Aliomba radhi. Mama Mdogo alimsikiliza akitazama ukutani.

"Kesho utamwambia kocha na timu nzima," alisema hatimaye. "Mitaani wanasema nimezeeka, ndiyo maana nimekatika. Sitaki jina hilo."

"Nitasema," Mama alijibu. Na kesho yake alisema kweli, mbele ya wachezaji wote, huku yule binti wa miaka kumi na tisa akisikiliza. Mama hakurudi uwanjani tena. Wiki ile ile alilazwa kwa upasuaji wa bega.

Lakini jioni ile ya Jumanne, kabla hawajaondoka, Mama Mdogo alimwomba Mama atangulie nje. Akamvuta Chiriku karibu.

"Wewe nimekusamehe. Una miaka kumi na miwili, na siri ile ulipewa na mtu mzima uibebe. Siku nyingine mkubwa akikupa mzigo wa namna hiyo, hata akiwa mama yako, mrudishie mkononi. Mwambie hukuzaliwa kuubeba."

"Na Mama? Umemsamehe?"

"Bado." Aliigusa plasta yake. "Hii daktari amenipa tarehe ya kuifungua. Hilo lingine hakuna aliyenipa tarehe yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wangekuwa wamecheza wawili wawili, wangejua kwamba wakati mwingine kifo hicho humwacha mficha maradhi, kikamwangukia mwenzake. Kwa hiyo ukiumwa, sema. Ukijua mwenzako anaumwa na ukaulizwa, sema. Utachukiwa siku mbili. Afadhali hiyo. Haya, nenda, mama yako anakungoja nje."

Chiriku alitoka. Walitembea hadi nyumbani bega kwa bega, na njia nzima ni yeye aliyelibeba begi la Mama.