Kina Mtu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa vipaza sauti.

Mama yake, enzi za uhai wake, kila Jumapili kanisani aliweka mkoba wake, uliojaa funguo, kwenye kiti cha pembeni yake. Ukimuuliza, alikujibu, "Kina mtu. Mwanangu anakuja." Na mwana naye alikuwa na lake: "Nitaokoka tu mama, haraka ya nini?" Mama akafariki akiwa bado anamshikia nafasi.

Juzi mchana fundi aliitwa kanisani hapo hapo kutengeneza spika iliyokuwa ikikoroma. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa. Alikuwa amevaa hedifoni umeme ulipokatika, ukumbi ukawa giza totoro na taa za mashine zote zikazimika. Masikioni mwake, sauti haikuzimika.

Alisikia nyayo za watu wengi, wakiingia bila kusukumana. Viti vikaburutwa. Kisha mtu akauliza kwa upole, "Mama, hiki kina mtu?"

"Kina mtu," mama yake akajibu. "Mwanangu anakuja."

"Mlango unafungwa, mama."

Fundi akafumbua mdomo aseme nipo, ulimi ukagoma. Kwa hofu akachomoa waya wa hedifoni, ukabaki unaning'inia mkononi.

Na masikioni, karibu kabisa, funguo zikagongana ndani ya mkoba, kama mtu anauinua taratibu kutoka kitini.