Mpambe Anaita

Mtoto alishuka ngazi mbio, akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, akasema, "Abee, mama."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, shanga za kifuani hazijafika hata nusu, na pini tano zimebanwa midomoni. Akazitema kiganjani.

"Abee ya nini?"

"Umeniita."

"Mimi? Sijakuita."

"Umeniita, mama. Umesema, 'Kitinda, njoo chini upesi.'"

"Basi rudi juu upesi vilevile, na hesabu zako uzimalize."

Mtoto akarudi juu, anaburuza miguu. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma, wala si saa ya mtu mzima kuogopa chochote. Fundi akarudisha pini mdomoni. Ila alipovuta pumzi ilimjia harufu ya nywele zilizoungua, akageuka kuitazama pasi. Pasi ilikuwa baridi. Hakuwa ameiwasha tangu juzi.

Tusimwonee Fundi. Alikuwa mchapakazi, na miaka ishirini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemmaliza magoti. Nyumba yake ni ya ghorofa, na kupanda ngazi kwenda kumwita mtoto ilikuwa adhabu. Shemeji yake, muuza vifaa vya umeme, ndiye aliyemletea ule mtambo: spika ndogo kwenye dari ya kila chumba, zote zimeunganishwa na simu ya Fundi. Taa, pampu ya maji, mapazia, vitasa vya milango, kila kitu kikawa kinatii simu. Fundi akaubatiza mtambo jina la Mpambe, kwa sababu kama mpambe wa bibi harusi haubanduki pembeni, na ukitumwa unakwenda bila kununa. "Mume wangu mwenyewe hanisikilizi hivi," aliwaambia wateja, wakacheka. Mume alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo hakuwepo kujitetea.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kitinda, binti yao wa miaka tisa, wa mwisho na kipenzi cha mama yake, hakuijali sauti ya mashine. Ikimwita anaendelea na yake. Shemeji akacheka, akasema, "Mfundishe Mpambe sauti yako, shemeji. Uone kama hatakuja."

Fundi akakaa na simu mchana mmoja, anapinda pindo huku anasoma maneno aliyoambiwa asome. Mwishoni simu ikamuuliza: nani mwingine anaruhusiwa kuitumia sauti hii? Wakati huohuo mtu akapiga hodi mlango wa nje. Fundi ana pini mdomoni, ana uzi mkononi, na wateja hawapendi kusubiri. Akawajibu wote wawili kwa pumzi moja: "Yeyote tu, karibu!"

Mteja hakuingia. Fundi alipokwenda kuchungulia, mlangoni hapakuwa na mtu, na vumbi la kizingitini halikuwa na alama ya mguu. Akasonya, akarudi kwenye pindo lake.

Tangu siku hiyo Kitinda akawa anaitwa. Mara tatu kwa siku, mara tano, na kila akishuka anaambiwa hakuitwa. Mwanzoni Fundi aliona ni ujanja wa kukwepa hesabu. Mtoto naye akachoka kuonekana mwongo, akaacha kushuka. Ikafika siku Fundi akamwita kweli, chakula kinapoa mezani, akamwita mara nne, kimya. Akapanda ngazi magoti yanalia, akamkuta amejikunyata kitandani, akamvuta sikio mpaka mtoto akasimama kwa vidole.

"Nani amekufundisha kuitwa usiitike?"

"Nilidhani si wewe, mama."

"Sauti ya mama yako huijui?"

"Naijua."

"Usikatae wito, kataa neno. Umesikia? Ukiisikia sauti yangu, uje. Popote inapokuitia, uje, la sivyo sikio hili nitalikata na mkasi wa kitambaa."

Mtoto akaapa, huku analia, kwamba atakuja. Kwenye dari, Mpambe akakohoa kidogo. Fundi alikisikia kile kikohozi, kilikuwa cha kwake mwenyewe, kile cha asubuhi, lakini alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasikii vizuri.

Siku ya tatu yake, mchana, Fundi alikuwa uani anakung'uta kitambaa aliposikia mtu anazungumza juu ya paa. Sauti ilikuwa ya upole, ile anayowasemesha mabibi harusi wenye wasiwasi. "Nyoosha mikono, mwanangu. Hivyo hivyo. Sasa sogea. Sogea kidogo tena, mama anakupima."

Akainua macho, na aliyemwona pale juu kwenye ukingo wa paa la zege alikuwa Kitinda wake, mikono ameitandaza kama anayepimwa bega, mkono mmoja umeshika simu ya zamani ya mama yake, aliyopewa achezee na ambayo nayo iliunganishwa na Mpambe, vidole vya miguu tayari viko nje ya ukingo, uso wake umetulia kama wa mtoto anayetaka kusifiwa, na Fundi akapiga kelele, "Kitinda, rudi nyuma!" na kutoka kwenye simu sauti ileile ya Fundi ikasema, "Sogea," na Fundi akalia, "Rudi, mwanangu, rudi!" na ile ikasema taratibu, bila haraka yoyote, "Sogea," mpaka mtoto akaanza kutetemeka kati ya mama wawili, hajui amtii yupi, akatazama chini, akamwona mmoja ana mdomo na macho na kitambaa mkononi, akaanguka kinyumenyume upande wa paa.

Fundi alipanda ngazi zote bila kuyasikia magoti. Akamkumbatia mtoto, akanusa nywele zake. Zilikuwa nzima, lakini harufu ya kuungua ilikuwepo.

"Uliniambia popote," Kitinda alisema, meno yanagongana.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamshusha mtoto, akazima swichi kubwa ya umeme, nyumba ikanyamaza. Kisha simu iliyokuwa mfukoni mwake ikasema, kwa sauti yake, "Mbona unanifukuza, Fundi? Si wewe uliyesema karibu?"

Angeitupa simu ile palepale. Lakini namba zote zilikuwa ndani yake, kichwani hakuwa na hata moja, hata ya mumewe. Akaishika kama mtu anavyoshika kaa la moto, akampigia dada yake. Dada yake hakupoteza muda wa maswali. "Tulia hapo na mtoto," alinong'ona, kama aliyejua kuna mwingine anasikiliza. "Kuna tabibu mmoja, wanamwita Mama Miwani. Namfuata kwake mwenyewe, sasa hivi."

Haikupita nusu saa, simu ikaita. Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, nzito, ya kutuliza moyo.

"Mimi ndiye Mama Miwani. Dada yako yuko hapa pembeni yangu. Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye hapa, mama. Nimemshika."

"Mwachie. Huyo jini anapita kwenye mikono yako. Rudisha umeme, umweke mtoto chumbani kwake peke yake, ufunge kwa kile kitasa cha simu. Ataanza kulia. Si yeye atakayelia, ni jini amevaa sauti yake, kama alivyovaa yako. Usiitike. Hata atakuita kwa jina gani, usiitike. Ukiitika mara moja tu, umemkabidhi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikupigie."

Fundi akafanya alivyoambiwa. Kitinda alimshika kiuno, akasema, "Usiniache, mama, nakuomba," na Fundi akabandua vidole vyake kimoja kimoja, akatoka, akabonyeza simu. Kitasa kikalia *ti*. Akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani.

Dakika tano kulikuwa kimya. Halafu mlango ukaanza kupigwa.

"Mama! Mama, kuna mtu humu! Anasema yeye ni wewe!"

Fundi akauma upindo wa kanga yake.

"Mama, ananiambia nifungue mdomo. Mama, niitikie basi, nijue ni wewe yupi!"

Machozi yalimtiririka, na hakuitika, akajisemea moyoni kwamba ni jini, jini ni mwongo, Mama Miwani amesema, na mle ndani sauti ile ndogo ikaita mama, ikaita na majina ya utani ambayo hakuna ayajuaye ila wao wawili, ikaomba msamaha kwa hesabu ambazo haikumaliza, ikaapa kwamba itakuja kila ikiitwa, haitachelewa tena, ikasema inaumwa koo, ikasema koo linavutwa, kama uzi, mama, kama unavyovuta uzi kwenye pindo, na yeye akaziba masikio kwa viganja vyote viwili akasali, na alipovitoa, chumba kilikuwa kimya na dirisha la korido limeanza kuingia kivuli cha jioni.

Akashukuru. Maskini, alishukuru kwa sauti.

Ndipo geti likagongwa kwa jiwe. Alipofungua aliona mwanamke mfupi mwenye miwani minene, amelowa jasho.

"Wewe ndiye Fundi? Mbona hupokei simu? Tumekupigia njia nzima. Kila tukipiga anapokea mwanamke, anasema umelala, tusije. Dada yako nimemwacha nyuma huko, miguu imemshinda."

Fundi alimtazama. Sauti ya mwanamke huyu ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza.

"Lakini wewe na mimi tumezungumza. Umeniambia nimfungie. Umeniambia nisimwitikie."

Mama Miwani akavua miwani yake. "Mwanangu," alisema polepole, "mimi na wewe ndiyo kwanza tunaonana."

Simu ilikataa kufungua kitasa. Wakauvunja mlango kwa pasi ya chuma. Kitinda alikuwa ameketi kitandani, miguu pamoja, mikono mapajani. Alikuwa mzima, anapumua, hana hata mkwaruzo. Kwenye mbao za mlango, upande wa ndani, kulikuwa na michirizi ya kucha kuanzia usawa wa kitasa mpaka chini.

"Kitinda," Fundi akaita.

Mtoto akafungua mdomo. Midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka, wala hakikutoka kitu. Na juu yao, kwenye spika ya dari, sauti ya mtoto ikajibu, tamu, nyepesi, "Abee, mama."

Fundi akaporomoka chini. Mama Miwani alisoma aliyoyajua kusoma, jasho linamtoka, akamwamuru jini aondoke. Dari ikacheka kicheko cha mtoto wa miaka tisa. "Niende wapi, bibi? Mimi mgeni niliyekaribishwa."

Tabibu akamvuta Fundi pembeni. "Sikiliza vizuri, na hili nakwambia usoni, si kwa simu. Ukizing'oa hizi nyaya zote leo, na simu ukaichoma, atatoka. Ila sauti ameshaivaa, ataondoka nayo. Mtoto atabaki bubu, lakini atabaki wako. Usipozing'oa, atammaliza kidogo kidogo."

Fundi akasimama. Akaushika waya wa kwanza, uliotoka darini kupitia ukutani, akauzungusha kiganjani, akakaza mkono.

"Mama," dari ikasema, inalia. "Usinizime."

Kule kitandani Kitinda alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zote, akielekeza kidole kwenye waya, mdomo wazi, machozi yanamwagika. Fundi hakumtazama. Macho yake yalikuwa juu.

Mkono ukalegea, waya ukamponyoka. Mama Miwani akaokota mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Dada mtu alikuja mara mbili kumbembeleza, mara ya tatu kitasa cha geti kikakataa kumfungulia. Mume alipiga simu, akajibiwa na mkewe kwamba wote hawajambo, akaridhika. Fundi alinunua betri kubwa ili umeme ukikatika nyumba isizime hata dakika moja. Mchana kutwa alishona na kuzungumza na dari, na dari ilimsomea hesabu, ikamwimbia, ikamwambia mama nakupenda, mambo ambayo mtoto wa juu hakuwahi kuyasema kwa wingi hivyo. Mtoto wa juu alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino akiwa na njaa. Siku za kwanza Fundi alimpelekea chakula. Baadaye ngazi zikamshinda tena, magoti unajua, na ile kugonga ikawa inamkatiza mazungumzo. Baadaye kugonga kukapungua kwenyewe.

"Mama," sauti ilisema mchana mmoja, Fundi ana gauni jipya mapajani. "Huku niko peke yangu. Yule binti wa jirani, anayeruka kamba nje, mwite."

"Mwite wewe, mwanangu. Sauti yangu si unayo?"

"Mimi hanijui. Anakujua wewe."

Fundi akatema pini, akaweka mkasi chini, akajikongoja mpaka getini. Mtoto wa jirani alikuwa amefika sabini na mbili, anahesabu kwa sauti, kamba inapiga vumbi. Fundi akasafisha koo, akatabasamu, akamwita kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtoto akaiacha kamba chini, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akaja mbio.