Folda za Majaribio Yaliyofeli

Kila Jumatano masomo yalipokwisha, Ajambo aliingia kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao huko Buteba, wilayani Busia, akapangusa vumbi mezani na kuwasha mashine. Klabu yao ilikuwa ikitengeneza programu ya kuwafundisha watoto wadogo maneno ya Kisamia. Ukibonyeza picha ya samaki, unasikia jina lake likitamkwa na mtu wa hapo hapo kijijini.

Kompyuta iliijaribu programu hiyo yenyewe, sauti moja baada ya nyingine. Kila jaribio lilifungua folda ya muda, likaweka sauti humo na kuicheza. Likifaulu, folda ilifutika. Likifeli, folda ilibaki ili wanafunzi waone kosa liko wapi.

Siku moja Shallon, rafiki yake Ajambo, alileta simu yenye sauti ya mama yake, Nangila. Mama huyo alitamka maneno polepole, na mwishoni akacheka. Ajambo alipewa kazi ya kuihifadhi sauti hiyo kwenye folda kuu. Kwa haraka zake akaitia kwenye folda ya muda.

"Nitaihamisha kesho," alijiambia. Jaribio likafeli, folda ikabaki, naye akasahau.

Baadaye kompyuta ilijaa. "Ajambo," Mwalimu Odeke, mlezi wa klabu, alisema, "fungua kila folda iliyofeli. Soma kilichotokea, ndipo ufute."

Nje wenzake walikuwa wameanza netiboli. Ajambo hakufungua hata moja. Alitoa amri moja tu, zote zikatoweka.

"Umezisoma?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwezi uliofuata mama yake Shallon aliugua, akapelekwa hospitali Tororo. Hakurudi akiwa hai. Hata simu ile yenye sauti yake ilipotea katika pilikapilika zile.

Baada ya mazishi Shallon alikuja klabuni, kichwa kimenyolewa. "Nifungulie sauti ya mama," alisema. "Nataka nimsikie."

Ajambo aliachia kipanya. "Haipo."

"Haipo namna gani?"

"Niliifuta. Sikuangalia. Na nilimdanganya Mwalimu."

Shallon hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Ajambo alisimama pale, asithubutu hata kumgusa bega.

Mwalimu Odeke aliipeleka mashine kwa fundi Tororo. Fundi alihangaika nayo, akairudisha akitikisa kichwa. Kazi mpya zilikuwa zimehifadhiwa mahali ilipokuwa ile sauti, zikaifuta kabisa.

Jumamosi Ajambo alimwomba mama yake amsindikize nyumbani kwa Shallon. Alipiga magoti kumsalimu Mama Anjeline, mdogo wa marehemu, aliyebaki akiwalea watoto. Akaeleza yote bila kujitetea.

Mama Anjeline alimwinua. "Maneno yenyewe nayajua," alisema. "Mama yetu alitufundisha pamoja. Leteni simu."

Akatamka neno moja baada ya jingine. Katikati sauti ikamkatika. Akajifuta machozi kwa kitenge, akaendelea.

"Si mama," Shallon alinong'ona.

"Si yeye, mwanangu. Mimi siwezi kuwa yeye."

Jumatano Ajambo aliihifadhi sauti hiyo kwenye folda kuu, na nakala kwenye flashi ya Mwalimu. Jaribio likafeli tena. Safari hii aliifungua folda na kuisoma. Jina la faili lilikuwa na nafasi katikati, programu ikashindwa kulipata. Alilisahihisha, na jaribio likafaulu.

"Kosa dogo hivi!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Ningefungua siku ile, ningeikuta sauti."

"Ungeikuta," Mwalimu Odeke alisema taratibu. "Jaribio lililofeli ni shahidi. Msikilize kwanza, ndipo umwache aende zake. Na kitu cha thamani hakiwekwi mahali pa muda. Lakini lililoniuma zaidi ni ile 'ndiyo' yako. Ungeniambia kweli jioni ile, pengine fundi angeiwahi. Uongo ulitunyima nafasi."

Ajambo aliinamisha kichwa. Kisha Shallon akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Fungua folda inayofuata," alisema. "Tusome."