Kompyuta Nzito ya Mama Euphrasie

Habari hii ni kweli tupu, toka herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Hakuna chumvi humu, hakuna pilipili. Atakayebisha aende Neasden, kaskazini-magharibi mwa Landani, akaulize; mabasi yapo.

Mwaka 2002 Miradie alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi kabla ya shule alichemsha chai, akamsubiri mama yake, Mama Euphrasie, arudi kutoka kusafisha maofisi. Mama alivua viatu, akakaa, akamkabidhi barua za siku hiyo. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Wakongo mjini humo: mtoto ndiye msomaji wa nyumba, maana Kiingereza kilimwingia mapema kuliko wazazi. Barua ya umeme, ya hospitali, hata ya mwalimu anayemshtaki mtoto mwenyewe, zote zilipita mdomoni mwake.

Asubuhi moja ya Januari ilifika barua nene ya chuo. Kule Bukavu Mama Euphrasie alikuwa muuguzi; Landani alishika ufagio. Chuo kilimpa nafasi ya kurudi kwenye uuguzi, akisomea nyumbani kwa sidii, zile sahani za masomo zinazotiwa kwenye kompyuta. Lakini kazi ya kwanza lazima ifike chuoni Ijumaa ya wiki iliyofuata, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

"Na karatasi ya pili inasemaje?" Mama aliuliza.

Karatasi ya pili ilijaa namba na maneno ambayo Miradie hakuyaelewa hata kidogo. Lakini msomaji wa nyumba aseme hajui? "Inasema kompyuta yoyote, Mama."

Jumamosi walikwenda Queensbury, dukani kwa Pravin, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Walisindikizwa na Papa Adolphe, jirani yao mstaafu, mzee mwerevu sana na mwenye sura ya kuvutia.

Pravin aliweka mezani kompyuta mbili za bei ya kati, kila moja pauni mia nne. Moja ilikuwa nyembamba, nyingine pana kama kabati.

"Nifungue muone ndani?" alisema. "Kompyuta si sura, Mama. Unaangalia prosesa, yaani ubongo wake, ina kasi gani, kumbukumbu ni kiasi gani, na imebaki nafasi gani ya kuongezea kesho."

Papa Adolphe alikwisha kuzinyanyua, moja baada ya nyingine. "Usitufundishe, kijana. Bukavu redio ya kweli tunaijua kwa mkono. Nyepesi ni feki. Hii nyembamba ni kopo la dagaa!"

"Mzee, hapa hatuuzi mihogo."

"Basi muulize msomaji wetu."

Wote wakamgeukia Miradie. Ikifunguliwa, ataulizwa maswali, akiulizwa, ataumbuka. "Hakuna haja ya kufungua," alisema. "Tuchukue nzito."

Akiba ya miaka miwili ikatoka mkobani.

Nyumbani walitia sidii iliyokuja na barua ya chuo. Skrini ikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi. Wakazima, wakawasha. Haitoshi. Jumapili nzima ikapita hivyo. Ndipo Miradie akaichukua ile karatasi ya pili, akaisoma polepole na kamusi ya shule. Mstari wa tatu ulisema wazi: kumbukumbu ya megabaiti 256. Waliyonunua ilikuwa na nusu yake.

"Miradie," Mama alimwita kutoka mlangoni, "karatasi hiyo uliisoma?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini. Akaumeza. "Niliiona tu, Mama. Sikuielewa. Niliona aibu."

Mama hakugomba. Alikaa kitandani, akaikunja aproni yake ya kazi mara mbili, mara tatu, mpaka ikatosha kiganjani. "Basi nitaendelea kufagia," alisema.

Jumatatu baada ya shule waliirudisha. Pravin akaifungua mbele yao.

"Prosesa yake haina ubaya," alisema. "Lakini tazama. Nafasi za kumbukumbu ni mbili, zote zimejaa, na ubao huu wa ndani haukubali zaidi. Uzito wote huu ni bati. Ile nyembamba ilikuwa na nafasi moja wazi. Ningeongeza kijiti kimoja cha kumbukumbu, dakika tano tu."

"Iko wapi?" Miradie aliuliza.

"Niliiuza jioni ileile. Nitawabadilishia, lakini nyingine zitaingia baada ya wiki mbili."

Kabla ya Ijumaa zilibaki siku nne. Kesho yake Miradie alipiga simu chuoni mwenyewe. "Mimi ndiye niliyesoma vibaya," alisema, "si Mama." Mwanamke aliyepokea simu alimsikiliza, akasema hawezi kuahidi kitu.

Alhamisi simu ikalia. Chuo kimekubali kusubiri! Mama Euphrasie akaruka, majirani wakapiga vigelegele ghorofa tatu nzima...

"Papa Adolphe, huo ni uongo!"

Ni Miradie huyo. Sasa ni mtu mzima, na alikuwa akisoma nyuma ya bega langu. "Chuo hakikusubiri. Nafasi alipewa mwingine. Andika ilivyokuwa. Na hiyo sura ya kuvutia, ilikuwa ya nani?"

Haya. Simu haikulia. Mama Euphrasie alifagia maofisi hadi Septemba, chuo kilipofungua nafasi nyingine. Kompyuta mpya zilipoingia, Miradie alimwomba Pravin afungue kifuniko kwanza. Alihesabu nafasi zilizo wazi kwa kidole, akalinganisha kila namba na karatasi ya pili, na asichokijua akakiuliza. Ilichukua saa nzima. Papa Adolphe hakuruhusiwa kugusa kitu.

Septemba ilipofika, Mama alimshika bega. "Umenicheleweshea miezi minane, mwanangu, na miezi hiyo hairudi. Ungeniambia hujui, tungeuliza wote wawili siku ileile. Usinisomee tena usichokielewa."

Ukweli ndio huo. Kwa kosa langu la kuwadanganya wasomaji, Miradie amenitoza samaki na chipsi za watu watatu. Mama Euphrasie alitukuta mezani akiwa bado na sare ya uuguzi, akaagiza samaki mkubwa kuliko wote dukani, nami nikalipa.