Jicho la Laban

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ya brashi kwenye ngozi ya kiatu ilimwamsha Khalayi kabla hakujapambazuka. Alilala kimya nyuma ya pazia lililogawa chumba, akasikiliza. Brashi ilikwenda, ikasita, ikaendelea. Ilikuwa asubuhi ya pili tangu kaka yake Laban aje likizo kutoka jeshini, na asubuhi zote mbili alikuwa ameamka gizani kung'arisha viatu ambavyo tayari ungeweza kujitazama meno ndani yake.

“Kaka, viatu hivyo vitatoboka,” Khalayi alinong'ona.

“Lala.”

“Siwezi. Nikichelewa mferejini nitakuta foleni imefika mlangoni kwa akina Nduta.”

Laban aliweka brashi chini, akachukua debe. “Haya, twende pamoja.”

Ilikuwa mwaka wa 1976. Familia yao iliishi mtaa wa Kaloleni, Nairobi, katika chumba kimoja na jiko. Baba, Mzee Wekulo, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Mama, Nangila, alifuma sweta za watoto wa shule. Khalayi alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa darasa la sita. Laban, mwenye miaka ishirini, alikuwa amechukuliwa na jeshi miezi minne iliyopita. Kati ya vijana wote wa Kaloleni waliojitokeza siku ile ya kuandikishwa, yeye peke yake ndiye aliyechaguliwa, na tangu hapo Baba alitembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Mferejini wanawake walikuwa wamekwisha kupanga madebe yao.

“Wapisheni, wapisheni! Serikali imekuja kuteka maji!” alipaza sauti Mama Nduta, jirani yao. Watu wakacheka. Wavulana wawili wakasimama wima na kupiga saluti, mmoja kwa mkono wenye mkate.

“Afande, tufundishe kwata!”

“Kwanza malizeni chai,” Laban alijibu, akatabasamu bila kuonyesha meno.

Mama Nduta alisogeza debe lake kando ingawa zamu ilikuwa yake. “Tekeni nyinyi. Mgeni hasimamishwi foleni.” Khalayi aliona fahari. Lakini walipokuwa wakirudi, aliona maji yakimwagika kutoka kwenye debe la Laban hatua kwa hatua. 

Nyuma ya ukumbi wa mtaa, Laban alitua debe. Akatazama huku na huku.

“Khalayi, nimefeli.”

“Umefeli nini?”

“Kulenga shabaha. Mara mbili. Kukimbia naweza, kwata naijua, hata kwenye kamba nawapita wenzangu. Lakini nikishika bunduki nikalenga, ile shabaha moja naiona mbili. Nikilenga hii, risasi inapita kule. Nikirudi kambini nitapimwa kwa mara ya mwisho, Jumanne. Nikishindwa, ninavuliwa sare na kurudishwa nyumbani kabisa.”

“Labda macho yako ni mabovu.”

“Daktari aliyapima. Ni mazima.”

“Sasa ni nini?”

“Sijui!” Laban alijishika kichwa. “Ningejua, ningelala usingizi. Na usimwambie Baba. Jumapili amealika watu wa kanisa waje kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Umesikia?”

Khalayi aliitikia kwa kichwa, lakini kukubali kwenyewe kulimkaa vibaya. Siku nzima shuleni alichanganyikiwa. Je, kunyamaza ni kusema uongo au si kusema uongo? Na akimwambia Baba, atakuwa amemsaidia kaka yake au amemsaliti? Akajaribu kufumba jicho moja na kulenga ubao kwa kalamu, aone kama ataona vitu viwili.

“Khalayi,” mwalimu aliita, “unamkonyeza nani?”

Darasa lote liliangua kicheko. Khalayi akainama juu ya daftari, masikio yakiwaka.

Jioni hiyo Mama aliwatuma wote wawili kwa Mzee Naftaly, seremala wa Shauri Moyo, kuchukua mabenchi mawili aliyokubali kuwaazima kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Mzee Naftaly alikuwa mjane, mwembamba, mwenye penseli nyuma ya sikio. Katika ujana wake alikuwa askari, ingawa hakupenda kuyazungumzia mambo hayo. Walimkuta kwenye karakana yake ya mabati akipiga randa.

“Hujambo, mzee?”

“Sijambo, mama,” alimwambia Khalayi, kwa maana ndivyo alivyowaita wasichana wote. “Na huyu ndiye askari wetu? Mmekuja mapema. Benchi moja bado halina mguu. Kijana, hebu nitazamie ubao huu kama umenyooka. Macho yangu yameanza kuchoka.”

Seremala akitaka kujua kama ubao umenyooka, huuinua hadi usawa wa uso, akafumba jicho moja na kuutazama ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho. Laban alikuwa amewaona mafundi wakifanya hivyo maisha yake yote. Akauinua ubao, akautazama.

“Umepinda kidogo hapa karibu na ncha, mzee.”

Mzee Naftaly hakuutazama ubao. Alikuwa akimtazama Laban. “Kweli umepinda. Sasa utazame tena, lakini kwa jicho la kulia.”

Laban alijaribu. Uso ulijikunja, mashavu yakapanda, macho yote mawili yakafumba. Khalayi alicheka. Laban akajaribu tena, na tena macho yote yakafumba, na Khalayi akaacha kucheka.

“Kufumba la kulia peke yake unaweza,” mzee alisema taratibu. “La kushoto huwezi. Weka ubao chini. Unganisha viganja vyako, uache tundu dogo katikati. Nyoosha mikono mbele. Macho yote yawe wazi. Sasa itafute pua yangu kupitia hilo tundu.”

Laban alifanya hivyo.

“Umeiona?”

“Naiona.”

“Na mimi kutoka huku naona jicho lako moja tu kwenye tundu. La kushoto. Kijana, wewe ni mtu wa kushoto.”

Laban alirudi nyuma kama aliyetukanwa. “Hapana, mzee! Nilikuwa hivyo nikiwa mdogo, lakini niliachishwa. Baba alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila wakati wa kula, mwaka mzima. Sasa ninakula kwa kulia, ninaandika kwa kulia, ninasalimia watu kwa kulia.”

“Mkono ulifunzwa, sikatai. Je, jicho nalo lilifungwa kitambaa?”

 Khalayi alihisi maneno yakimpanda kooni, na kabla hajayazuia yalikuwa yametoka. “Ndiyo maana anaona shabaha mbili, la kushoto halifumbi!”

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Siri ilikuwa imemtoka.

“Nilikuambia nini wewe?” Laban aling'aka.

“Usimkaripie,” Mzee Naftaly alisema. “Kaeni hapo.” Akafungua chupa yake ya chai, akampa Laban kikombe kimoja alichokuwa nacho, Khalayi akampa kipande cha kiazi kitamu, naye akanywa kwa kifuniko. Akangoja mpaka Laban alipomaliza nusu ya chai. “Sasa niambie.”

Laban akaeleza yote. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini, “Siku ya kwanza ya bunduki, Sajini Kahin alituuliza nani kati yetu anatumia mkono wa kushoto. Kuruta mmoja akanyoosha kidole, wenzake wakamcheka. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia mimi si wa kushoto tena. Hata sasa sijui mimi ni wa upande gani.”

“Basi Sajini wa watu amekuwa akimfundisha kijana ambaye si wewe,” mzee alisema. “Tulikuwa na watu wa kushoto katika kikosi chetu. Waliweka bunduki bega la kushoto, wakafumba jicho la kulia, wakalenga vizuri tu. Ukifika kambini, nenda kwake moja kwa moja kabla ya Jumanne. Lakini anza nyumbani.”

“Baba atasema ninamwaibisha.”

“Huenda akasema hivyo. Mwambie.”

Mzee alipokwisha kupachika ule mguu, walibeba mabenchi hadi Kaloleni, Laban akitangulia. Khalayi hakujua kama kaka yake alikuwa amemkasirikia au alikuwa akifikiri.

Usiku huo Mama alipakua ugali, mboga ya mrenda na kuku, kwa sababu mwana wao alikuwa nyumbani. Baba alikuwa mchangamfu. “Mchungaji ameniuliza Laban amekuwa wa ngapi kwa kulenga shabaha. Anataka kulitaja Jumapili. Nimwambie nini?”

Kijiko cha Mama kilisimama ndani ya sufuria. Khalayi alitazama sahani yake.

“Mwambie nimefeli, Baba,” Laban alisema.

Akasimulia kila kitu, mpaka habari za ubao na tundu la viganja. Baba alimsikiliza akiwa ameshika tonge ambalo halikufika mdomoni.

“Sielewi,” alisema hatimaye. “Mimi nilikufunza adabu. Ningekuacha uwapokeze wazee vitu kwa mkono wa kushoto? Mimi mwenyewe nilifunzwa hivyo na baba yangu. Kosa langu ni lipi?”

“Hakuna aliyesema ni kosa lako, Baba Laban,” Mama alisema kwa upole. “Mtoto anasema ana mtihani Jumanne.”

Baba alikitazama kiganja chake, akakigeuza, kana kwamba hajawahi kukiona. Kisha akaichukua firigisi ya kuku. Kwao, firigisi ni ya mwenye nyumba, na Khalayi hakuwa amewahi kuona ikiliwa na mtu mwingine. Baba akaiweka kwenye sahani ya Laban.

“Kula,” alisema. “Jumapili watu watakuja vilevile. Badala ya kushukuru, wataomba.”

Na walikuja. Chumba kilijaa, mabenchi yakajaa, wengine wakasimama mlangoni. Baba alisimama, akakohoa mara mbili. “Ndugu zangu, niliwaita tushukuru. Nimeharakisha. Kijana wangu hajafaulu bado. Laban, waeleze.”

Khalayi alitamani kujificha nyuma ya pazia. Alingoja kicheko. Laban alipomaliza, Mama Nduta alisema kutoka mlangoni, “Hilo tu? Mimi nimekamua ng'ombe kwa kushoto tangu nikiwa mtoto, na hakuna ng'ombe aliyelalamika!”

Hapo kicheko kilikuja, lakini kilikuwa kicheko kizuri, na Laban mwenyewe alicheka akionyesha meno. Kisha wakaomba.

Jumatatu Laban aliondoka. Jumanne ilipita, na wiki ikapita, na hakuna barua iliyofika. Khalayi alishindwa kujua kama kimya hicho kilikuwa cha heri au cha shari. Kila alipotoka shuleni alimtazama Mama usoni kabla ya kumsalimia, na Mama alitikisa kichwa. Wiki ya pili ikapita hivyohivyo.

Jumamosi ya wiki ya tatu, mlango ulibishwa. Alikuwa Laban, na alikuwa amevaa sare.

“Nimepita!” alisema kabla hajaulizwa. “Si kwa alama za juu. Katika shabaha ishirini nimepata kumi na tatu. Lakini nimepita!”

Mama alimkumbatia, Khalayi akarukaruka hadi kikombe kikaanguka mezani. Baba alitaka kujua yote kwa mpangilio.

“Nilimwendea Sajini Kahin usiku uleule niliofika. Alinigombeza, Baba, sijawahi kugombezwa hivyo. Akanizungusha uwanja mara sita bunduki ikiwa juu ya kichwa. Si kwa sababu ya mkono, alisema. Ni kwa sababu aliuliza nami nikanyamaza. Halafu alinisogezea mbele siku ya mtihani. Akanifundisha peke yangu kila jioni kwa siku nne, bunduki bega la kushoto, wakati wenzake wakipumzika. Alikuwa akikosa chakula cha moto kwa ajili yangu.”

“Mungu ambariki,” Mama alisema.

Alasiri hiyo wote wanne walikwenda Shauri Moyo. Mzee Naftaly alipoiona ile sare aliacha msumeno katikati ya ubao. Alishikana mikono na Laban, kisha akashikana mikono na Baba kwa muda mrefu.

“Mzee Wekulo, usijilaumu,” alisema. “Wengi wetu tulifanya hivyo kwa watoto wetu, tukidhani tunawanyoosha.”

“Nimefikiri sana,” Baba alisema. “Nikaona lililotaka kumwangusha mwanangu ni kunyamaza. Aliogopa kuchekwa na wenzake, akaogopa kuniudhi mimi.” Akamgeukia Khalayi. “Nawe usikie, binti yangu. Jambo likikushinda shuleni, mwambie mwalimu mahali linapokushinda, hata kama darasa litacheka. Hakuna mwalimu anayeweza kukurekebishia kitu ulichomficha. Na likikuchanganya, njoo kwangu. Nitajitahidi kusikiliza kwanza.”

“Ndiyo, Baba,” Khalayi alisema. Kisha, kwa kuwa ndiyo kwanza ameambiwa aseme, akasema, “Hesabu za sehemu sizielewi. Tangu muhula uliopita.”

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Laban akacheka hadi akashika benchi.

“Afadhali tumejua,” Baba alisema. “Jumatatu tutaenda pamoja kwa mwalimu wako.”

Walipoaga, Mzee Naftaly aliwasindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alisimama pale, vumbi la mbao likiwa kwenye nyusi zake, akimtazama Laban, kisha Khalayi.

“Wanangu wako mbali siku hizi,” alisema. “Watu huja hapa wakiwa na kiti kilichovunjika, au mlango usiofunga. Nyinyi msingoje kitu kivunjike. Mje tena, hata mkiwa hamna la kusema. Mje tu tunywe chai.”