Mfuko Nyuma ya Tumbo

Tumbo la fundi cherehani liliita "Mama" mchana, alipoinua mguu kwenye kanyagio ili akate uzi. Mteja aliyesubiri gauni alichungulia chini ya meza. Hapakuwa na mtoto. Mtoto wa fundi, waliyemwita Tumbili kwa kuparamia kila kitu, walikuwa wamemzika kabla ya mvua.

Fundi hakumwambia mtu. Maumivu yalipokuja, yakipenya kutoka juu ya kitovu hadi mgongoni, alitulia tuli, maana sauti ilikuja nayo. Akakonda. Nguo zake zikanukia mafuta ya mtoto.

Mumewe, fundi umeme, aliisikia wakiwa mezani. Kijiko kikamponyoka.

"Tangu lini?"

"Sema polepole. Utamtisha."

"Huyo si Tumbili, mke wangu. Ni jini. Majini wanajua kuiga."

"Akiiga vizuri hivyo, kosa lake nini?"

Homa ilipopanda, mumewe alimbeba hadi hospitali.

"Kuna mfuko wa maji kando ya kongosho, nyuma ya tumbo," daktari alisema. "Umeingia usaha. Ukipasuka, tutakupoteza." Akawaonyesha mpira mweusi mrefu, wenye kamera na kifaa cha mawimbi ya sauti nchani. "Unapita kinywani. Mawimbi yanapenya ukuta wa tumbo, yananirudishia picha. Nautoboa mfuko kwa sindano kutokea ndani, naweka kibomba, maji yanatoka. Hatukupasui. Wewe na mimi sote mafundi wa sindano."

"Mimi nikikosea nafumua, daktari. Wewe je?"

Daktari alicheka peke yake. Fundi cherehani akakataa.

Mumewe alimfuata kwenye korido, akapiga magoti mbele za watu.

"Mtoto tulimzika wawili. Wewe nitakuzika na nani?"

Mkewe akamwinua. "Haya. Ila wasimuumize."

Walimlaza ubavu wa kushoto, wakamchoma dawa ya usingizi. Mpira ukashuka. Kwenye skrini mfuko ulionekana mweusi, na ndani yake kitu kilijikunja. Muuguzi akanusa hewa, akatafuta kwa macho chupa ya mafuta ya mtoto, haikuwepo. Daktari akafungua spika ya mashine, ile inayotoa mvumo wa damu ili asije akatoboa mshipa, na mvumo ukasikika, kisha ukapungua, kisha ukakatika kabisa, na katika ukimya ule, huku sindano ikiwa tayari imegusa ukuta wa tumbo, sauti ya mtoto ikatoka kwenye spika, karibu, yenye usingizi: "Mama, usiwaruhusu."

"Dokta," muuguzi alinong'ona.

"Nimesikia."

Akatoboa.

Maji ya rangi ya chai yakajaa kwenye chupa ya kunyonyea. Muuguzi aliyamwaga kwenye sinki la uchafu, kama afanyavyo kila siku, akafungulia bomba.

Homa ikashuka. Mgonjwa akala, akalala, akapata rangi. Hakuongea, ila kumuuliza muuguzi maji yale yalimwagwa wapi.

Siku ya kuruhusiwa, mumewe alikuta kitanda kitupu. Alimkuta kwenye chumba cha sinki, amelala sakafuni, shavu juu ya tundu linalopitisha maji machafu ya sinki.

"Inuka, mke wangu. Umepona. Twende nyumbani."

Aliinama kumnyanyua. Ndipo akasikia, kutoka chini kabisa ya tundu:

"Baba, huku kuna baridi."

Fundi umeme alijua ni jini. Akavua koti lake, akalifunika lile tundu.