Karavani ya Séphora

Nilienda Panyu, viungani mwa jiji la Guangzhou, China, jioni ile kwa kazi ya kawaida kabisa: kukagua mzigo wa mteja kabla haujaingia kwenye kontena. Ofisi yangu ilikuwa kwenye jengo la Tianxiu, mtaani Xiaobei, na riziki yangu ilikuwa kuwasafirishia wenzangu mizigo hadi Mombasa. Viatu, vigae, jenereta, nywele bandia, vyote vilipita mikononi mwangu. Nyumba za magurudumu ndizo zilizokuwa ngeni kwangu.

Mteja alikuwa Clément, Mkongo wa Bukavu aliyeishi Ufaransa miaka mingi. Mtu mpole, shati limenyooshwa pasi hata siku ya mvua. Alikuwa ameleta kutoka huko karavani yake kuukuu, zile nyumba ndogo zinazofungwa nyuma ya gari na kuvutwa, ili kiwanda kimtengenezee nyingine za aina hiyo kwa ajili ya kampuni ya utalii ya Naivasha. Watalii walale humo wakitazama viboko. Nilimcheka sana. Nilimuuliza mtu mwenye nyumba yake anatafuta nini ndani ya friji yenye magurudumu, naye akatabasamu tu.

Guangzhou ya miaka ile ilikuwa hivyo. Unaleta sampuli, unamwambia laoban, yaani bosi wa kiwanda, neno moja tu: yiyang. Sawasawa kabisa. Unalirudia mpaka mate yanakukauka. Ukishalisema, hakuna atakayekuuliza kwa nini skrubu fulani imekaa upande. Wataiweka upande.

Ilikuwa Aprili 2008, siku za Qingming, Wachina wanapokwenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Mafundi wote walikuwa wamerudi kwao. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, kuta zikitoka jasho, sakafu ikiteleza bila mtu kumwaga maji. Kila mahali kulinuka moshi wa ubani na karatasi zilizochomwa kwa ajili ya marehemu. Aliyetufungulia karakana ni dereva wa kiwanda, mzee Liang, na alikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya giza.

Karavani mpya zilipangwa safu moja, nyeupe, nzuri kweli. Nikaanza kukagua milango.

Clément hakuzitazama. Alikuwa amesimama pembeni, mbele ya lundo la mbao na vioo.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ilikuwa karavani yake kuukuu. Walikuwa wameifungua yote, kipande kwa kipande, kila ubao umetiwa alama ya chaki.

"Si ndiyo sampuli?" nikamwambia. "Clément, watanakili vipi bila kufungua? Wewe si mgeni hapa."

"Nilisema waipime tu. Nilisema wasiguse ukuta wa mbele."

"Ulimwambia laoban yiyang. Basi amefanya yiyang."

Aliinama, akapapasa ubao mmoja mpana wa ukuta huo. Katikati rangi ilikuwa imechubuka, mahali pa ukubwa wa ngumi.

"Mwende," aliniita kwa jina bila kuinua kichwa. "Muke yangu alifia humu."

Nilishtuka. Pale Xiaobei sote tulijua kwamba mkewe, Séphora, alimkimbia, akabaki Paris na mwanamume mwingine. Tulimtania kwa hilo mbele ya watu, naye hakuwahi kutusahihisha.

Alinisimulia akinong'ona, huku Liang akitikisa funguo mlangoni. Walikuwa wakizunguka mashambani Ufaransa, majira ya kuchipua, kutoka kijiji hadi kijiji, wakinunua mkate na jibini njiani na kulala kando ya malisho ya ng'ombe. Miti yote ilikuwa imetoa maua. Séphora alikuwa na pumu, na maua yale yalimbana kifua hata akijipaka mafuta yake.

"Alipenda kulala nyuma nikiwa navuta. Sheria ya kule inakataza, lakini alisema barabara, la route, inamubembeleza. Tukapatana: akitaka nisimame, agonge ukuta wa mbele." Akagusa tena pale palipochubuka. "Nilikuwa nimeweka muziki, ma sœur, dada yangu. Nilisikiaka kitu. Nilidhani ni sufuria."

Nilimshika bega, na roho iliniuma kwa vile tulivyomcheka.

Ndipo akainua pua.

"Unasikia?"

Nilisikia. Ndani ya karavani mpya iliyokuwa karibu nasi, katikati ya harufu kali ya gundi, kulikuwa na harufu nyingine. Mafuta ya mkaratusi. Yale ya kupaka kifuani.

"Mafundi wa hapa wote wanajipaka hayo mafuta," nilisema haraka.

"Ndiyo," alisema Clément. Lakini macho yake yalikuwa yamebadilika.

Ile karavani ndiyo iliyopaswa kutangulia kwenye uwanja wa kupakia, na Liang alikuwa ameshaifunga nyuma ya lori lake dogo. Clément akavua koti, akanipa, na kusema atapanda ndani. Eti asikilize kama makabati yanalegea barabarani, maana mteja wa Naivasha ana barabara mbovu.

"Wacha mchezo. Gundi haijakauka, na madirisha bado yamezibwa nailoni. Panda mbele na sisi."

"Kidogo tu, Mwende. Nikae naye... nikae humo kidogo tu."

Nilimsikia vizuri, nikajifanya sikusikia. Mlango ukafungwa.

Tukaondoka. Giza lilikuwa linaanza. Liang aliwasha redio, opera ya Kikantoni, akaipandisha mpaka vioo vikatetemeka. Vilimani kushoto kwetu kulikuwa na mioto midogo midogo, watu wakiwachomea wazee wao nyumba za karatasi, magari ya karatasi, pesa za karatasi. Nilijiambia tukifika nitamnunulia Clément supu ya moto, na sitamtania tena maisha yangu yote.

Kisha nikaisikia.

Ko. Ko. Ko.

Nyuma yetu. Nikafikiri ni kabati. Yaani nilifikiri kabisa, kwa akili yangu timamu, kwamba ni kabati...

Ko. Ko. Ko. Ko.

Nilizima redio. Liang akaiwasha. Nilimpigia Clément simu, ikalia mapajani mwangu, ndani ya koti lake.

"Ting che!" nilimwambia Liang. Simamisha gari.

"Bu xing." Haiwezekani.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, macho mbele. Akanieleza kwa Kichina cha polepole, kama anayemfundisha mtoto. Siku hizi za makaburi, jioni, kitu kikikuita kutoka nyuma hugeuki. Husimami. Hujibu.

"Kuna mtu kule! Rafiki yangu!"

"Rafiki yako angepiga kelele," alisema Liang. "Huyu anagonga tu."

Na kweli hakukuwa na sauti ya mtu. Kugonga tu, haraka haraka sasa, kisha polepole, kisha kwa mapumziko marefu, kama mkono unaochoka. Niliogopa. Niliogopa kilichokuwa nyuma, na niliogopa zaidi kwamba kitanyamaza.

Kikanyamaza.

Nilivuta breki ya mkono. Lori likayumba, likaserereka kwenye tope, likasimama. Liang alinitukana, akajifunika uso. Hakushuka. Nilikimbia peke yangu kwenye ile barabara, nikavuta mlango wa karavani. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikavunja dirisha kwa jiwe, nikaingiza mkono, nikafungua.

Harufu ya gundi ilinipiga usoni, macho yakanitoka machozi. Clément alikuwa amelala kitandani, mwisho kabisa wa karavani, ubavu mmoja, viganja vyote viwili chini ya shavu. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Nilimburuta kwa makwapa hadi nje, nikampiga mgongo, nikamwita, nikalia. Akakohoa. Kifua chake kikapiga filimbi.

"Kwa nini umesimamisha?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Si wewe uliyekuwa unagonga kama mwendawazimu?"

Alitikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema. "Alikuwa ameniwekea mukono kwenye kichwa. Alitaka kunisemesha kitu. Bado kidogo tu..."

Akaanza kulia kwa hasira, na hasira ile ilikuwa juu yangu.

Nilirudi kufunga mlango. Nilimulika kwa simu. Kitanda kilikuwa nyuma. Ukuta wa mbele ulikuwa mbali nacho, ng'ambo ya sinki na meza. Ulikuwa umetoka jasho kama kuta zote za Guangzhou mwezi ule. Na juu ya jasho lile, mahali palepale palipochubuka kwenye ubao wa zamani, kulikuwa na alama ya ngumi ndogo. Ya mwanamke.

Daktari alisema ni mvuke wa gundi. Kwamba dakika chache zaidi tungemkosa. Nilimwamini, na bado namwamini. Ila kesho yake, mchana kweupe, nilirudi karakana kukagua karavani zilizobaki. Niliingia kila moja na kuitafuta ile alama kwenye ukuta wa mbele.

Yiyang. Zote.

Nilizipakia. Clément alinisihi nizipakie, na mteja alikuwa anazingoja, na mtu utaandika nini kwenye karatasi za forodha? Sasa niko Nairobi. Clément yuko Bukavu, na kifua chake hakijaacha kupiga filimbi, yeye ambaye hakuwahi kuugua pumu. Kila Aprili hunipigia simu kuuliza jambo lilelile.

"Kuna mutu amesikia anagonga, akasimamisha gari, Mwende?"

Mimi humwambia sijui. Kampuni ya Naivasha ilifilisika, na karavani zikauzwa huku na huku.

Mwaka jana moja ilinipita kwenye mteremko wa Mai Mahiu, ikivutwa na Prado. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, lakini niliijua kwa vile vidirisha vyake. Baba, mama na mtoto mmoja walikuwa mbele, muziki juu, wanacheza kwenye viti. Kwenye kioo cha nyuma cha karavani nikaona viatu vidogo vimepangwa, na kichwa cha mtoto mwingine aliyelala. Nilizima redio yangu, nikateremsha kioo.

Ko. Ko. Ko.

Niliwafukuza, nikapiga honi, nikawasha taa, nikapunga mkono nje kama kichaa. Mama aligeuka, akaniona, akacheka.

Walinipungia na wao, wakaongeza mwendo.